Niuze ovaloki ili mwanangu apigwe picha ya ubongo?

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kihonda, Morogoro, nina miaka 27. Tarehe 3 Machi nilijifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa na wiki 29 tu. Chupa ilipasuka usiku nikiwa nimelala. Tarehe niliyokuwa nimeandikiwa kliniki ni 19 Mei. Mtoto alizaliwa na gramu 1,150. Tulikaa wodi ya watoto njiti siku 47. Wiki ya kwanza alikuwa kwenye oksijeni, akawekwa kwenye taa kwa sababu ya manjano, akalishwa kwa mrija wa puani, mimi namkamulia kila baada ya saa tatu. Tulitoka akiwa na kilo 1.9, sasa ana 3.6.

Siku ya nne au ya tano alipigwa altrasaundi ya kichwa. Daktari akaniambia kuna damu kidogo kwenye ubongo upande wa kushoto, daraja la pili, watafuatilia. Nilikuwa nimechoka, sikuuliza kitu. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa wameandika hivyo hivyo, na hakuna kipimo kingine kilichofanyika.

Mwezi huu ndipo nimeanza kukosa usingizi. Jirani yangu alijifungua wiki moja na mimi. Mtoto wake shingo imekaza, anacheka kwa sauti, anavuta kanga ya mama yake. Wangu nikimkalisha kichwa kinaanguka. Mikono ameikunja muda mwingi.

Dada yangu yuko Columbus, Ohio, anahudumia wazee majumbani mwao. Nilipomweleza alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Anasema mji wa Cincinnati, hapo hapo Ohio, watoto njiti wanapigwa picha ya MRI ya ubongo, ile mashine kubwa ya sumaku inayoona ndani ya mwili, kompyuta inaisoma na kusema mtoto huyu atachelewa kutembea na huyu hatachelewa, kabla hata hawajatambaa. Anataka nimpeleke mtoto Dar apigwe MRI, yeye atatoa nusu ya gharama. Nusu yangu inatimia nikiuza ovaloki, mashine yangu ya kumalizia kingo za nguo. Cherehani ya kawaida itabaki, lakini kinachonilisha ni sare za shule, na sare isiyopigwa ovaloki mteja anairudisha.

Mama mkwe anasema nisimtafutie mtoto ugonjwa, akikua atakaza. Mume wangu hasemi. Akirudi kazini anamchukua, anamkunjua miguu, anamwangalia, anamrudisha kitandani.

Niuze? Na hiyo picha itaniambia kweli kama atatembea?

N.B. Kliniki wanasema mtoto anakaribia miezi minne. Kuna nesi aliniambia nihesabu kuanzia tarehe niliyotarajiwa kujifungua. Nishike ipi?

Mama Njiti, Morogoro, 23 Juni

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kilo 3.6. Kukamua maziwa kila saa tatu kwa siku 47 si kazi ya kuitaja kwa mstari mmoja kama ulivyofanya.

Ovaloki usiiuze. Kuna hali ambayo ikitokea nitakuambia iuze, na nitaifikia hapo mbele, lakini kwa maelezo uliyonipa hatujafika huko.

Tuanze na jirani, maana naona yeye ndiye aliyekunyima usingizi kuliko hiyo damu. Leo unaponiandikia, mwanao ana wiki 16 tangu azaliwe. Alitoka wiki 11 kabla ya siku yake. Ukizitoa, anabaki na wiki tano. Hiyo ndiyo hesabu ya ubongo wake na misuli yake, na ndiyo tunayoitumia kupima ukuaji wa njiti mpaka afike miaka miwili. Sasa nitafutie mtoto wa wiki tano aliyekaza shingo na kuvuta kanga. Hata kukunja ngumi muda mwingi, kwa wiki tano, ni kawaida, mradi mikono yote miwili inafanana na huwa inafunguka akiwa ametulia au amelala. Mtoto wa jirani alimaliza miezi yake tumboni. Mnawapanga mstari mmoja wa kuanzia, ilhali wa kwako bado hajafika uwanjani.

Sasa dada yako. Hajakudanganya. Pale Cincinnati kuna hospitali kubwa ya watoto, na kundi la watafiti linaloongozwa na Dkt. Nehal Parikh limewafuata watoto waliozaliwa wiki ya 32 au chini, wakawapiga MRI karibu na tarehe ambayo wangezaliwa kwa kawaida, kisha wakawasubiri mpaka umri wa kama miaka miwili na kuwapima mwendo. Dkt. Lili He na wenzake wanaifundisha akili mnemba kusoma picha hizo. Tena baadhi ya watoto wa mwanzo katika kazi yao walitoka huko huko Columbus anakoishi dada yako.

Wanachotafuta ndani ya picha ni hiki. Amri ya kusogeza mguu inatoka juu ya ubongo na kushuka kwa nyuzi ndefu mpaka uti wa mgongo. Katikati ya ubongo nyuzi hizo zinabanwa zikapita mahali pembamba sana, upande wa kulia na wa kushoto. Kila uzi unatakiwa uvikwe ganda la mafuta, kama waya wa umeme unavyovikwa plastiki, na katika mapito hayo ganda linapaswa kuwa limeanza kuonekana kwenye picha mtoto anapofika wiki 40. Likionekana upande mmoja na kukosekana wa pili, daktari anashuku kwamba mkono na mguu wa upande ulio kinyume utakuwa dhaifu. Kuna na aina nyingine ya picha inayofuata mwendo wa maji ndani ya ubongo. Wewe ni fundi, utanielewa haraka: maji yakimwagikia kitambaa, hukimbia kwa kufuata nyuzi. Ubongoni ni hivyo hivyo, na mashine ikifuatilia maji inapata ramani ya nyuzi zenyewe, ikajua wapi zimejaa na wapi zimepungua. Seli zinazotengeneza lile ganda huwa changa na dhaifu mno kati ya wiki ya 24 na ya 32, ndiyo maana njiti wa wiki 29 kama wako anafuatiliwa kwa jicho kali.

Lakini sikia jambo ambalo ujumbe wa dakika tisa haukusema. Picha hizo hupigwa wakati mtoto anafika wiki 40 au mbili tatu baada yake, na kompyuta imejifunza kwa picha za umri huo. Kwa mwanao wakati wenyewe ulikuwa mwishoni mwa Mei. Akipigwa MRI mwezi ujao, picha itatoka, na daktari ataisoma, ila ile hesabu ya Cincinnati haitakuwepo pale Dar kuisoma. Utarudi na karatasi yenye maneno ya kitaalamu uliyofafanuliwa kwa dakika nne tu.

Na hata ingekuwepo, nataka uone inavyofanya kazi. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa watoto 167 wa Christchurch, New Zealand, na Melbourne, Australia, wote wa wiki 30 au chini. Walipigwa MRI walipofikia wiki 40, wakapimwa wakiwa na miaka miwili. Asilimia 21 walionekana na dosari ya wastani au kubwa katika nyuzi zile. Waliokuja kuwa na mtindio wa ubongo, yaani ubongo kushindwa kuongoza vizuri misuli na mwendo, ni asilimia 10. Hesabu mwenyewe: ni kama watoto 35 waliopata picha mbaya, na kama 17 waliopata mtindio. Hata tukisema wote 17 walitoka ndani ya wale 35, bado nusu ya mama walioambiwa picha ni mbaya watoto wao hawakupata mtindio. Picha mbaya inaongeza hatari, hilo ni kweli na ni kubwa. Lakini kwa mtoto mmoja aliyelala mapajani mwako haisemi "atatembea" wala "hatatembea". Inamwambia daktari amwite kliniki mara ngapi.

London nao waliijaribu kwa watoto kama mia tano, wakalinganisha MRI na altrasaundi ya kawaida. Matokeo yalitoka 2018: MRI ilitabiri vizuri zaidi kidogo, wasiwasi wa mama ulipungua kidogo, na wenyewe wakasema faida hiyo haitoshi kumpiga kila njiti. Mwambie na dada yako hili: tangu 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri MRI isipigwe kwa kila njiti kama desturi. Wa Cincinnati ni watoto wa utafiti. Mtoto wa jirani yake hapo Columbus, akizaliwa wiki 31 bila matatizo, huenda asiione hiyo mashine kabisa.

Kinachonikera mimi katika barua yako ni kitu kingine, na wala si kosa lako. Altrasaundi moja, siku ya nne, basi.

Madaraja ya damu yako manne, yalipangwa na Dkt. Lu-Ann Papile na wenzake huko New Mexico mwaka 1978, na bado tunayatumia. La pili maana yake damu imeingia kwenye chumba cha maji cha ubongo lakini haijakipanua. Watoto wengi wa daraja hilo hutembea. Madaraja ya tatu na nne ndiyo yanayotutisha. Shida ni kwamba kuna madhara mengine, vifuko vya maji ndani ya nyuzi zile zile za mwendo, ambavyo havionekani siku ya nne. Hujitokeza wiki ya pili mpaka ya nne au baadaye. Kwa hiyo karatasi yako haisemi kwamba havipo. Haikuviangalia. Njiti wa wiki 29 anatakiwa arudiwe altrasaundi angalau mara moja, na ya mwisho iwe karibu na wiki 40.

Bado hujachelewa, kwa sababu utosi wake uko wazi. Altrasaundi inapitia pale, kama mtu anayechungulia dirishani; haihitaji dawa ya usingizi, haina mionzi, na bei yake huwezi kuifananisha na ya MRI. Wiki hii nenda na ile karatasi ya kuruhusiwa, omba irudiwe, na usiondoke mpaka wamekujibu mambo mawili: vyumba vya maji vimepanuka au la, na kuna vifuko au hakuna. Huo utosi usipakwe kitu. Najua mafuta na mitishamba ya kufunga utosi inavyopendwa. Mwombe mama mkwe aliache dirisha la daktari jinsi lilivyo.

Hapo hapo uliza kama macho ya mtoto yalishapimwa na bingwa wa macho. Hukuyataja. Njiti mdogo hivi huangaliwa retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, wiki ya nne hadi ya sita baada ya kuzaliwa, maana inaweza kuharibika kimya kimya. Kama hakupimwa, hilo ni la haraka kuliko MRI. Na masikio pia.

Baada ya hapo tunafika kwenye kipimo ninachokiamini, ambacho mashine yake unayo mfukoni.

Daktari mmoja, Heinz Prechtl, alitumia miaka mingi huko Groningen, Uholanzi, na baadaye Graz, Austria, akiwatazama watoto wachanga wakijinyoosha tu bila kuguswa. Aliona kwamba kuanzia kama wiki ya tisa mpaka ya ishirini baada ya tarehe ya kutarajiwa, mtoto ambaye nyuzi zake ni nzima huwa na mchezo fulani: vijimwendo vidogo vya shingo, kiwiliwili, vifundo vya mikono na vya miguu, kila upande, mfululizo, kama mtu anayesikia muziki kwa mbali. Visipokuwepo kabisa, ni ishara nzito. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoongozwa na Iona Novak wa Australia lilikusanya ushahidi wote: katika kunasa watoto watakaokuwa na mtindio kabla ya miezi mitano, kuwatazama hivyo kulinasa asilimia 98, MRI ikanasa 86 hadi 89. Wanashauri vyote viende pamoja pale inapowezekana. Kama unaweza kupata kimoja tu, umeona mwenyewe ni kipi.

Kwa mwanao wakati mzuri ni wiki ya 12 hadi ya 16, yaani kuanzia 11 Agosti mpaka 8 Septemba. Mlaze chali kwenye mkeka, akiwa ameshanyonya na hana usingizi, kavaa fulana na nepi tu, mikono na miguu wazi. Simama miguuni pake, simu juu, mwili wote uonekane pamoja na uso. Rekodi dakika tatu mpaka tano. Usimwongeleshe, usimchekeshe, asiwe na kitu mdomoni. Niliwahi kuletewa video nzuri sana ya dakika kumi, baba anampigia mtoto mluzi mwanzo mwisho, mtoto kaganda anamsikiliza. Haikutufaa hata sekunde. Akianza kulia, acha, jaribu kesho. Hiyo video mpelekee mtaalamu wa fiziotherapia (mazoezi ya viungo) ya watoto au daktari bingwa wa watoto. Kama hajasomea njia ya Prechtl, muulize kipimo cha Hammersmith. Hicho kina vipengele 26 na alama hadi 78, kilibuniwa hospitali ya jina hilo London, na kinahitaji mikono yake, kitu chekundu cha kumvuta macho, na robo saa.

Sasa ile hali ya kuuza. Altrasaundi ikirudi na vifuko au vyumba vilivyopanuka, au akipata degedege, au Agosti vile vijimwendo visionekane na mtaalamu akasema hivyo, au upande mmoja wa mwili ukaanza kuachwa nyuma, hapo MRI ina kazi, na daktari mwenyewe atakuandikia. Hata siku hiyo, kabla ya kumwita mnunuzi, ulizia bima kama mnayo, kisha pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ueleze hali yako. Na mueleze dada kwamba hela yake aiweke. Nauli za kliniki na mazoezi zitaihitaji zaidi. Na MRI ikibidi, kwa mtoto mchanga hivi mara nyingi hawahitaji kumpa dawa ya usingizi: ananyonya akashiba, anafungwa vizuri kwenye shuka, anazibwa masikio, anapitiwa na usingizi ndani ya mashine.

Kuna jambo moja lisilosubiri miadi. Aliyevuja damu ubongoni anaweza kujaa maji kichwani baadaye. Nunua utepe mwingine, tofauti na wa wateja, umpime kichwa kila Jumapili na kuandika. Kikianza kukua kwa kasi kuliko kwenye mchoro wa kliniki, utosi ukavimba na kukaza akiwa ametulia, anatapika sana, au macho yanatazama chini muda wote, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama mkwe nampa nusu ya haki. Ukimtazama mtoto kila saa ukitafuta kasoro utaacha kumwona. Nusu nyingine hana: kungoja "akikua atakaza" ndiko kunakoniletea watoto wa miaka mitatu ambao vidole vimeshakunjika. Mazoezi hayangoji picha wala jina la ugonjwa. Mpe kazi. Amlaze mtoto kifudifudi kifuani mwake akiwa macho, mara nyingi kwa siku, dakika chache, amwite ili ainue kichwa. Ambebe kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani, mpaka mtoto mwenyewe aanze kukataa. Njia ile ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa kukosa mashine za joto za kutosha. Kumkanda kwa upole sawa, ila asivute shingo wala kunyoosha viungo kwa nguvu.

Mumeo anasema, mwanangu, ila anasema kwa mikono. Mtu anayekunjua miguu ya mtoto kila jioni anajiuliza swali lile lile lako, na pengine hajui kama ana ruhusa ya kulitamka. Mpe ile simu Agosti. Arekodi yeye, na usimwambie apige mluzi.

Kuhusu tarehe: kliniki hawakukosea wala nesi hakukosea. Chanjo zinafuata 3 Machi, usizicheleweshe kwa sababu ni njiti. Shingo, kukaa, kutambaa na hatua ya kwanza vinafuata 19 Mei. Andika zote mbili juu ya kadi kwa kalamu nyekundu, maana kila utakapofika utakutana na mtu mpya wa kuhesabu.